SOMO JUU YA HEWA: MAPUTO YA ALBUQUERQUE NA SAFARI YA GARI-NYUMBA



Katika buletini yetu tumezoea kusoma juu ya afya, juu ya kilimo na juu ya michezo. Leo ninaleta somo la fizike, lakini tafadhali, hapana kugeuza ukurasa haraka. Somo hili liko na safari ndani yake, liko na hesabu, na kuelekea mwisho liko na neno moja ambalo linaweza kuokoa maisha ya mtu katika nyumba zetu wenyewe.

Ulizo letu ni hili: nguo iliyoshonwa, yenye uzito kama mifuko miwili ya sementi, inawezaje kubeba watu watatu juu kupita milima, bila mabawa na bila motere? Wengine wanajibu upesi: "Ni akili ya wazungu." Hilo haliko jibu. Ukiliandika katika Egzameni ya Serikali utapata zero, na itakuwa haki. Wengine wanasema: "Ni moshi unaoinua." Nalo haliko jibu, ingawa tutaona kwamba hata wale waliotengeneza puto la kwanza walifikiri vile vile.

Jibu ni hewa. Hewa haionekani, lakini iko na uzito, na iko na sheria zake. Anayezijua anapanda na kushuka salama. Asiyezijua anabebwa tu, na siku nyingine anakufa. Ndiyo maneno yote ya somo hili. Yanayofuata ni kuyaeleza.

1. ALBUQUERQUE NI WAPI?

Albuquerque ni muji mkubwa wa jimbo la New Mexico, katika Marekani, upande wa kusini-magharibi. Ni inchi kavu, mvua kidogo. Muji uko katika bonde la mto Rio Grande, unaotelemka toka kaskazini kwenda kusini. Upande wa mashariki kuko milima ya Sandia, ambayo kilele chake kinapita mita 3 200. Muji wenyewe uko juu ya bahari kadiri ya mita 1 600. Sisi watu wa Kivu tuweke alama hapo, kwa maana Bukavu na Goma ziko kadiri ya mita 1 500. Hewa ya kule ni nyepesi karibu sawa na hewa yetu.

Kila mwaka, mwanzo wa mwezi wa 10, watu wanakusanyika kule siku 9 kwa sikukuu ya maputo ya hewa ya moto. Sikukuu ilianza mwaka wa 1972, katika kiwanja cha kuegesha magari karibu na maduka, na maputo 13 tu. Mwaka uliofuata, 1973, mashindano ya kwanza ya dunia ya maputo ya hewa ya moto yalifanyika kule. Mwaka wa 2000 maputo yalipita 1 000. Kisha wakubwa wa sikukuu wakaona ni mingi kupita kiasi, wakapunguza hesabu, na miaka hii ni kadiri ya mia tano. Mwaka wa 2020 sikukuu haikufanyika kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19. Mwaka wa 2022 ilifanyika mara ya 50.

2. KUFIKA KWA GARI-NYUMBA

Watu wengi wanafika kwa gari-nyumba. Hili ni gari lenye kitanda, meza, jiko, frigo na choo ndani yake. Liko la namna mbili: lile lenye motere yake, ambamo shofere anaketi mbele na nyumba iko nyuma yake, na lile lisilo na motere, linalovutwa na gari lingine. Wazee waliokwisha kazi wanalipenda sana, na familia zenye watoto pia, kwani pahali watakapofika usiku, nyumba yao imefika pamoja nao.

Tuchukue mfano. Familia moja inatoka Denver, katika jimbo la Colorado. Wanafuata barabara kubwa inayoitwa Interstate 25, inayoelekea kusini. Wanapita Colorado Springs, Pueblo na Trinidad, wanapanda mlima kwenye njia ya Raton, karibu mita 2 400, ndipo wanaingia New Mexico. Kisha wanapita karibu na Santa Fe na kutelemka mpaka Albuquerque. Ni kadiri ya kilometa 720. Gari-nyumba kubwa linakunywa esanse mingi. Tuseme litre 25 kwa kilometa 100. Basi:

720 ÷ 100 × 25 = litre 180.

Ni bidoni 9 za litre 20, karibu pipa nzima. Tena gari hilo ni zito na refu. Pahali pa kutelemka mlima, shofere mwenye akili hategemei frein peke yake. Anaingiza vitesi ya chini ili motere yenyewe ishike gari. Mashofere wetu wa kamio wanaoshuka Ngomo kwenda Kamanyola wanaijua sheria hiyo bila kuisoma, na wale walioidharau, tumeona magari yao ndani ya bonde.

Wakifika kwenye uwanja wa maputo, wanakuta magari-nyumba kwa maelfu, yamepangwa mistari. Kuko pahali penye umeme na maji, lakini kuko tena pahali pengi pasipo kitu: ni kiwanja tu. Hapo ndipo nyumba yenye magurudumu inafundisha adabu. Ndani yake kuko tanki tatu: ya maji safi, ya maji ya kunawia na kuoshea vyombo, na ya choo. Hizo mbili za mwisho hazimwagwi ovyo, sharti zipelekwe pahali palipotengenezwa. Tufanye hesabu: tanki ya maji safi ikiwa ya litre 150, watu wakiwa 4, na siku 3:

150 ÷ 4 ÷ 3 = litre 12 na nusu kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga vyote pamoja.

Mtu aliyezoea robine anaona hiyo ni shida kubwa. Mama zetu wanaobeba bidoni toka chemchemi wanapiga hesabu hiyo kila siku, na hakuna aliyewapa diplome.

Jiko la gari-nyumba, mashine ya kuleta joto usiku, na mara nyingi frigo pia, vinatumika kwa gazi ya propani. Gazi hiyo iko ndani ya mtungi wa chuma. Kwa sababu imekandamizwa sana, imekuwa maji. Ukifungua mtungi, inachemka mara moja na kurudi gazi, kwa maana propani inachemka kwa degre 42 chini ya zero. Sasa angalia: gazi ile ile inayopika chai ya asubuhi ndani ya gari-nyumba, ndiyo inayoinua puto nje yake. Tofauti ni ukubwa wa moto tu.

3. JUU YA NINI PUTO LINAPANDA?

Katika Ufaransa, muji wa Annonay, kulikuwa ndugu wawili, Joseph na Étienne Montgolfier. Kazi ya jamaa yao ilikuwa kutengeneza karatasi. Tarehe 4 Juni 1783 walirusha puto kubwa mbele ya watu. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule, huko Versailles, mbele ya mfalme, walipandisha kondoo, bata na jogoo. Wote watatu walishuka wazima. Tarehe 21 Novemba 1783 watu wawili, Pilâtre de Rozier na marquis d'Arlandes, walipanda juu ya Paris kadiri ya dakika 25. Hao ndio watu wa kwanza kusafiri hewani bila kufungwa kamba chini. Hata leo Wafaransa wanaita puto hilo kwa jina la ndugu Montgolfier.

Lakini sikilizeni jambo hili. Ndugu wale walichoma majani makavu pamoja na manyoya ya kondoo ili wapate moshi mwingi, kwani waliwaza kwamba katika moshi kuko gazi ya namna yake yenye nguvu ya kuinua. Puto lilipanda, lakini maelezo yao yalikuwa ya uongo. Kazi inaweza kufaulu, na mwenye kazi asijue sababu. Ndiyo maana hatupaswi kutosheka na kusema "imefanyika". Sharti tuulize: juu ya nini?

Sababu ni hii. Hewa ikipata joto inapanuka. Ikipanuka, pahali pale pale panabeba hewa kidogo kuliko mbele, basi inakuwa nyepesi. Hewa baridi ya kando, iliyo nzito, inasukuma ile nyepesi juu, sawa vile maji yanavyosukuma kipande cha mti kirudi juu ya ziwa. Ni sheria ya Archimède, ile tuliyojifunza na maji. Hewa nayo inaitii.

Sasa tupime. Puto la kawaida la watu 3 au 4 linaingiza metre cube 2 200 za hewa. Huko Albuquerque asubuhi, nje kukiwa degre 10, metre cube moja ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1,03. Ndani ya puto, kwa degre 100, ni karibu kilo 0,78. Basi:

Hewa ya baridi yenye ukubwa huo: 2 200 × 1,03 = kilo 2 266.
Hewa ya moto ndani ya puto: 2 200 × 0,78 = kilo 1 716.
Tofauti: kilo 550.

Kilo 550 ndiyo nguvu ya kuinua. Na mzigo? Tuseme nguo kilo 100. Kikapo pamoja na kichomeo cha gazi kilo 90. Mitungi na gazi yake kilo 100. Watu 3, kila mmoja kilo 75, ni kilo 225. Jumla kilo 515. Puto linapanda. Hakuna siri nyingine.

Ona tena kwamba watu wanasimama katika kikapo kilichosukwa, namna mama zetu wanavyosuka. Mtu anaweza kufikiri chuma ni bora. Hapana. Puto likigonga udongo, kikapo kinajipinda kidogo na kunyamazisha pigo, kisha kinarudi namna yake. Chuma kingepeleka pigo lote katika miguu ya watu. Na nguo ya puto ni ya nailoni. Kwenye mdomo, karibu na moto, wanashona kitambaa kingine kisichoshika moto upesi.

Maputo ya zamani yalibeba moto wa majani, na ulikuwa hatari sana. Ni tarehe 22 Oktoba 1960, katika jimbo la Nebraska, Mmarekani Ed Yost aliporuka na puto la nailoni lenye kichomeo cha propani. Toka siku ile mtu anaweza kuongeza moto na kuupunguza kwa mkono wake, na ndiyo sababu sikukuu kama ile ya Albuquerque iliwezekana.

4. JUU YA NINI ASUBUHI TU?

Katika Albuquerque watu wanaamka saa kumi usiku. Kuko baridi, wamevaa makoti. Kadiri ya saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya jua kutoka, maputo machache yanapanda gizani, yakiwaka kama taa kubwa. Yanaitwa Doria ya Alfajiri, na yalianza kazi hiyo mwaka wa 1978. Wengine wote wanakaa chini na kuyatazama, wapate kujua upepo unaelekea wapi kwa kila urefu. Kadiri ya saa moja, maputo mengine yanaanza kupanda, mistari kwa mistari, mpaka mbingu imejaa rangi.

Juu ya nini wasingoje saa sita, watu wamekwisha kunywa chai? Turudi katika hesabu yetu. Saa sita nje kukiwa degre 27, metre cube ya hewa ya nje imekuwa karibu kilo 0,97:

2 200 × 0,97 = kilo 2 134.
2 134 – 1 716 = kilo 418.

Mzigo wetu ni kilo 515. Puto lile lile, gazi ile ile, watu wale wale: linashindwa. Rubani aongeze moto? Nailoni haivumilii mingi kupita degre 120. Hata akifika hapo, nguvu inakuwa kadiri ya kilo 502, na bado haitoshi. Sharti mtu mmoja abaki chini.

Tena kuko sababu ya pili, kubwa zaidi. Jua likichoma udongo, hewa ya chini inapata joto na kupanda kwa nguvu, pahali huku na pahali huku. Puto katika hewa ya namna hiyo ni kama jani ndani ya mto wenye mawe. Asubuhi hewa imelala. Tuamke mapema siku moja, tutazame bonde letu: moshi wa majiko hauendi juu, unatandika kama kitambaa cheupe juu ya nyumba. Hapo hewa baridi imekaa chini, hewa ya moto iko juu yake, na hakuna kinachosukasuka. Ndiyo saa ya puto.

5. PUTO HALINA USUKANI

Wengi hawajui jambo hili: rubani wa puto hawezi kugeuka kuume wala kushoto. Hana usukani. Ana moto wa kupanda, na juu kabisa ya puto kuko mlango wa kitambaa unaofunguliwa kwa kamba ili hewa ya moto itoke naye ashuke. Kupanda na kushuka, ni hayo tu. Tena anakwenda pamoja na upepo kwa mwendo mmoja, na kwa sababu hiyo ndani ya kikapo hasikii upepo usoni.

Sasa atafikaje anapotaka? Kwa kujua kwamba upepo wa chini na upepo wa juu si mara zote unaelekea upande mmoja. Albuquerque iko na zawadi ya peke yake, ambayo watu wa kule wanaiita "Sanduku". Usiku, hewa ya mabonde inapoa, inakuwa nzito, inatelemka pamoja na Rio Grande, kaskazini kwenda kusini. Lakini juu yake mara nyingi kuko upepo mwingine unaotoka kusini kwenda kaskazini. Basi rubani anapanda kidogo, upepo wa chini unampeleka kusini. Anawasha moto, anapanda zaidi, upepo wa juu unamrudisha kaskazini. Anafungua kamba, anashuka, na siku nzuri anatua karibu na pahali alipotokea. Amezunguka bila usukani! Si kila asubuhi Sanduku linapatikana, lakini mwezi wa 10 linapatikana mara nyingi, na ndiyo sababu moja sikukuu ilihamishwa toka mwezi wa 2 mpaka mwezi wa 10.

Wavuvi wa sambaza wa ziwa Kivu hawatashangaa. Wanajua kwamba usiku upepo unatoka inchi kavu kwenda ziwani, na muchana unageuka. Hawaamuru upepo, wanachagua saa. Rubani anachagua urefu. Ni akili moja.

Hata mwaka wa 1978, Ben Abruzzo, Maxie Anderson na Larry Newman, watu wa Albuquerque, walipovuka bahari ya Atlantiki kwa puto la gazi ya helium, wa kwanza kuivuka kwa puto, walifuata sheria hiyo: kutafuta urefu ambao upepo unaelekea kwao. Walitua katika Ufaransa nyuma ya saa 137 hivi. Albuquerque kuko nyumba ya ukumbusho ya maputo, iliyofunguliwa mwaka wa 2005, yenye majina ya Anderson na Abruzzo.

6. BENDERA TATU

Hapa ninaomba hasa wakubwa wa madarasa wasikilize. Kwenye uwanja kuko bendera. Kijani: kuruka ni ruhusa. Manjano: tungoje. Nyekundu: leo hakuna kuruka. Na katikati ya maputo wanatembea wasimamizi waliovaa nguo za mistari myeusi na myeupe. Watu wanawaita punda milia. Bila ishara ya punda milia, hakuna puto linaloacha udongo.

Fikirini sasa yule aliyeendesha gari-nyumba kilometa 720, amelipa esanse, amelipa kiwanja, ameamsha watoto saa kumi katika baridi. Bendera nyekundu inapanda. Mbingu ni safi kabisa! Yeye haoni upepo, lakini walio na vyombo vya kupimia wanauona huko juu. Anafanya nini? Anarudi katika gari, anapika chai, anangoja kesho. Hakuna anayesema: "Mimi nimetoka mbali, basi upepo unihurumie." Hewa haijui umetoka wapi.

Na hatari si ya kuchezea. Tarehe 26 Juni 2021, katika Albuquerque yenyewe, siku isiyo ya sikukuu, puto liligonga waya za umeme na watu 5 walikufa. Katika Afrika yetu, tarehe 26 Februari 2013, huko Luxor katika Misri, puto lilishika moto likipokaribia kutua, na watu 19 wakafa. Kwa hiyo rubani mzuri si yule anayeruka kila siku. Ni yule anayejua kusema: leo hapana.

7. HEWA INAYOUA NDANI YA NYUMBA

Nimeahidi neno la kuokoa maisha. Ni hili.

Usiku wa mwezi wa 10 kule kuko baridi, na wenye magari-nyumba wanawasha moto ndani. Sheria inawaonya: moto wowote unaowaka ndani ya pahali palipofungwa, pasipo hewa ya kutosha, unazaa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni, CO. Gazi hii hainuki, haina rangi, haikohozeshi. Inaingia katika damu na kukamata nafasi ya oksijeni. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, nguvu zinamwishia, anapata usingizi. Akilala, haamki. Ndiyo maana katika magari-nyumba ya siku hizi wanaweka chombo kidogo kinacholia gazi hiyo ikiwamo.

Sisi hatuna chombo cha kulia. Lakini tuko na mbabula ya makala! Wakati wa mvua na baridi, wengine wanaingiza mbabula ndani ya chumba, wanafunga dirisha na mlango, wanalala. Kesho yake watu wanavunja mlango, na maneno yanaanza: "Nani amewaroga?" Ndugu zangu, mara nyingi hakuna aliyeroga. Ni CO. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa maana mtu anasema: moshi umekwisha, hatari imekwisha. Ni kosa lile lile la ndugu Montgolfier: kutazama moshi, na kusahau kile kisichoonekana.

Basi, kwa internat na kwa nyumba za wazazi: hapana kulala na mbabula katika chumba kilichofungwa. Ukikuta mtu amezimia ndani, fungua mlango na madirisha kwanza, mtoe nje kwenye hewa safi upesi bila wewe kukaa ndani, kisha mpelekeni hospitali. Mfundishe mdogo wako, mfundishe na bibi yako kwa heshima.

8. INATUFAA NINI?

Pengine mmoja atasema: "Doyen, sisi hatutakwenda Albuquerque, wala hatutanunua gari-nyumba." Labda. Lakini hewa ya Albuquerque na hewa ya hapa ni moja. Inatii sheria moja juu ya Rio Grande na juu ya ziwa Kivu, ndani ya puto la rangi na ndani ya chumba cha internat. Yule anayekariri tu "hewa ikipata joto inapanuka" atapata pointi mbili katika interro na kusahau kesho yake. Yule anayeelewa, ataona moshi umelala bondeni na kujua sababu. Ataona mbabula ndani ya chumba na kufungua mlango. Tofauti ya hao wawili siku moja inaweza kuwa maisha ya mtu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Puto la metre cube 3 000, nje kilo 1,03 kwa metre cube, ndani kilo 0,78. Nguvu ya kuinua ni kilo ngapi?
2. Ndani ya kikapo kinachosafiri na upepo, bendera ndogo mkononi itapepea au italala? Juu ya nini?
3. Rubani anataka kurudi kaskazini, na upepo wa chini unamsukuma kusini. Afanye nini?
4. Tanki ya litre 200, watu 5, siku 4: kila mtu apate litre ngapi kwa siku?
5. Juu ya nini makala mekundu yasiyo na moshi ni hatari katika chumba kilichofungwa?
6. Pamoja na mwalimu: chukueni chupa tupu, vuteni mfuko mwembamba wa plastiki juu ya mdomo wake na kuufunga vizuri. Simamisheni chupa katika maji ya moto, kisha katika maji ya baridi. Andikeni mlichoona, na sababu yake.

Majibu ya ulizo la 1 na la 4: kilo 750, litre 10. Mengine mlete kwa mwalimu wa fizike, kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe, bila kunakili kwa jirani.

Doyen wa wanafunzi,
mwaka wa sita.